Ukurasa wa Obadia

Mimi ni karani tu wa jumuiya, hapa Tandala.
Naandika: viazi, debe moja na nusu, Mzee Elizeri Fungo.
Sabuni, mche mmoja, jina limefichwa kwa ombi lake
(wote tunajua ni Mama Nkwama, duka lake lanukia sabuni hiyohiyo).
Soksi za sufu, jozi mbili, moja kubwa kuliko nyingine.
Maombi: wengi.

Juni ile sakitu ilipounguza majani ya viazi
afisa ustawi alimleta mtoto kwa Tabitha Chaula
na mfuko wa rambo, na fomu ya kurasa nne.
Fomu ilisema: Malezi ya Kambo.
Tabitha akalisoma neno la mwisho mara mbili.
"Hili neno," akasema, "limekaa kama mtu aliyeachwa barazani."
Akatia sahihi.

Obadia, miaka saba.
Hakulia. Alikula amesimama
kama mwenye basi la kuwahi,
na usiku akalala na viatu.
Chini ya mto Tabitha alikuta viazi vitatu vya kuchemsha,
vimepoa, vimepangwa.
Hakuvitoa. Akaongeza cha nne.

Sasa kosa letu. Nimeliandika pia,
kwa wino uleule.
Jumapili ya mavuno tulimwita mbele,
tukampa sweta karibu na madhabahu,
kwaya imesimama, simu zimeinuliwa,
na mtu akatamka "yatima" kwenye kipaza sauti
ilhali mama yake yu hai, amelazwa Ikonda, anakohoa.
Mtoto alilivua sweta palepale,
akalikunja vizuri
(hilo ndilo lililotuumiza, kulikunja vizuri),
akaliweka kwenye meza ya mnada
kati ya maboga na jogoo aliyefungwa miguu.
Mchungaji hakuhubiri siku ile.
Alisoma zaburi fupi, akaketi.

Tangu hapo tukajifunza kubisha hodi mlango wa jikoni.
Mwalimu Tweve hupita na kitabu cha hesabu,
husema amepotea njia, kijiji alichozaliwa.
Vijana wa kwaya waliziba paa
wakidai bati lilibaki kwingine.
Mzee Elizeri, asiyejua kusema na watoto,
alimwambia, "Nishikie kamba ya huyu ndama."
Saa nzima wameshika kamba, hawasemi,
ndama mwenyewe ndiye aliyechoka.
Na kila Alhamisi ni zamu ya mmoja wetu kukaa na Tabitha,
si kumwombea, kukaa tu,
amenye viazi, alie akitaka,
maana mlezi naye huchoka
na uchovu wake hatukuwa tumeupa safu.

Mwezi wa pili mama akaruhusiwa kutoka wodini.
Tulijua. Fomu ilisema tangu mwanzo: kwa muda.
Hakuna aliyetufundisha kuomba jambo
ambalo likijibiwa
nyumba moja inabaki na kitanda kitupu.
Tuliomba hivyohivyo.
Amina ya Tabitha ilikuja mwisho, peke yake,
wengine tumeshafumbua macho.

Asubuhi ya kuondoka
ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye uzio wa mianzi.
Obadia akaja kwangu, sweta mwilini
(Tabitha alilinunua mnadani, hakumwambia mtu),
akaomba kalamu.
Katika ukurasa wake, chini ya sufu na sabuni,
akaandika kwa herufi zinazopanda mlima:
*Kiazi 1. Kimetoka kwa Obadia. Cha atakayekuja.*

Akakitoa mfukoni. Kilikuwa bado cha moto,
nikawa nakihamisha mkono huu, mkono huu,
mpaka gari likapotea kwenye kona ya misonobari.

Kiazi cha kuchemsha hakimngoji mtu.
Tulikimega jikoni, mimi na Tabitha, bila chumvi.
Mbele ya jina lake nimeandika: kimepokelewa.
Mstari wa jumla sijaupiga.